Anayetangulia Kukiri

Kaka mtu aliitwa Futi na dada mtu Sindano, na pale mjini ni wachache waliokuwa na habari kwamba wana majina mengine. Futi alipewa lake akiwa bado anang'oka meno ya utoto, kwa sababu hakuwa anatembea bila rula ya mbao ya baba yake. Alipima milango, alipima kuku, alipima wageni waliosinzia kwenye viti. Sindano alipata lake kwenye kazi, maana tangu akiwa binti mdogo alishona vitambaa vya magodoro katika karakana ya baba. Waliowahi kujibizana naye walisema halikutoka kwenye kazi, lilitoka kwenye ulimi.

Baba yao alikuwa fundi magodoro wa kwanza pale mjini. Alianza na ya sufi, yale mazito yanayoanikwa juani kila baada ya msimu, akaishia na ya sponji. Alipofariki watoto hawakugombana, jambo lililowavunja moyo ndugu fulani waliokuja msibani na ushauri wao umeshaiva. Futi alibaki na kiwanda cha zamani upande wa stesheni. Sindano na mumewe walichukua sehemu yao, wakakopa kidogo, wakafungua kiwanda kingine upande wa hospitali. Mumewe naye hakukaa sana, moyo ulimsimama akiwa kazini, na Sindano baada ya kulia machozi yote aliyokuwa nayo alijifunga kilemba akarudi kwenye mapipa ya kemikali.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kemikali na mbio. Mnachanganya mapipa mawili kwenye kasha kubwa la mbao, mnakoroga kwa nguvu, mnarudi nyuma. Mchanganyiko unatokota bila moto, unaumuka, unapanda mpaka unafurika ukingo wa kasha kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni. Unauacha upoe, kesho yake unalipasua bonge zima kwa waya, vipande vinakwenda kwa washonaji. Harufu yake huingia kwenye nywele na haitoki. Watoto wa Sindano, ambao sasa wote walikuwa wanajitegemea mbali, walikuwa wakisema mama yao wangemtambua hata gizani.

Kwa hiyo mji ulikuwa na magodoro mawili, la stesheni na la hospitali, na watu walibishana lipi linabonyea upesi. Kaka na dada walikuwa washindani kweli. Futi akinunua gari jipya la kupelekea mzigo, Sindano anaanza kutoa mto wa bure kwa kila godoro. Sindano akimnyang'anya mteja wa duka kubwa, Futi anampigia simu: "Umeniua leo, lakini umeniua kwa ustadi." Jumapili walikutana kwa mama yao, wakala pamoja, na wifi yake Sindano, yaani mke wa Futi, alikuwa na kazi ya kuwazuia wasitangaze mauzo yao mbele ya watoto.

Kisha fedha ikaporomoka. Hakuna aliyejua imeanzia wapi. Redioni wataalamu walisema hivi, kesho yake wakasema vile. Alichojua Sindano ni kwamba kemikali zote zilitoka nje na zililipiwa kwa dola, na bei ya pipa asubuhi haikuwa bei ya pipa jioni. Ukiuza godoro leo, fedha uliyopata haikutoshi kununua sponji ya godoro jingine. Unauza, unafurahi, na unafilisika.

Futi hali hiyo ilikuwa imemkamata vibaya zaidi. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa ameingia benki, akaweka rehani kiwanda cha baba, akakopa kwa dola, akaagiza mashine ya kisasa inayomwaga sponji yenyewe kwenye mkanda. Sindano alimuuliza kama ana wazimu.

"Kampuni kubwa inakuja," Futi alimjibu. "Wameshapewa eneo nje ya mji, wameshaahidiwa msamaha wa kodi. Wakinikuta na kasha la mbao watanimeza bila maji. Ni sasa au nisubiri kuzikwa."

Hoja yake haikuwa ya kijinga. Fedha ingebaki pale ilipokuwa, leo watu wangemwita mtu mwenye kuona mbali.

Ilikuwa Jumapili mojawapo, jikoni kwa mama, walipoyasema maneno yaliyowaponza. Mama alikuwa anaepua sufuria, wifi ameketi kwenye kigoda akimenya, Futi amesimama mlangoni kama kawaida yake ya kuziba mwanga.

"Kesho napandisha bei," alisema. "Sina njia."

"Pandisha. Wote watakuja kwangu."

"Ndiyo maana nakuambia. Na wewe ukipandisha peke yako watakuja kwangu. Tutakaa hivi tunaviziana, kila mmoja anauza kwa hasara akimwogopa mwenzake, mpaka tuanguke wote."

Sindano alifuta mikono. "Kwa kiasi gani?"

Futi akataja. Sindano akafikiri, akashusha kidogo, Futi akakubali. Halafu, kama mtu aliyeona mlango u wazi akaamua aingie kabisa, Futi akaongeza: "Na zile zabuni. Shule za bweni niachie mimi, hospitali na nyumba za wageni chukua wewe. Tusikatane shingo."

"Kama tulivyokuwa tunagawana kitanda," Sindano alisema, "na upande wako ulikuwa unakua kila usiku."

Wakacheka. Mama akasema maneno ya kazi yamalizike, chakula kinapoa. Sindano alipokuwa anasogeza sahani kuna kitu kilimgusa moyoni, kidogo tu, kama uzi uliokaza mahali pasipotakiwa. Alikula, kikapita.

Kwa miezi kadhaa bei mpya iliwashikilia. Hawakutajirika, walilipa mishahara, wakalala. Mpaka siku moja mwanamke mmoja akaingia dukani kwa Sindano, pale mbele ya kiwanda, akauliza bei ya godoro jembamba kuliko yote. Mwanawe alikuwa anakwenda shule ya bweni. Akaambiwa. Akatoka, akarudi saa za alasiri, viatu vimejaa vumbi.

"Nimekwenda mpaka stesheni," alimwambia Sindano. "Bei ni ileile. Haikupungua hata sarafu."

"Kemikali ni zilezile, mama. Dola ni ileile."

Mwanamke akamtazama. "Mmekaa meza moja," alisema, bila hasira, kama anayesoma kibao. Akanunua kipande cha sponji kisicho na kitambaa, kisichofika urefu wa mtoto, akakikunja chini ya kwapa akaondoka. Sindano alitaka kumwita amwongezee. Hakumwita. Usiku ule alijiambia kwamba yeye si serikali, hawezi kubeba watoto wa watu wote, na alijiambia hivyo mara nyingi kuliko inavyohitajika kwa jambo la kweli.

Kama ni yule mwanamke aliyelalamika, au ni mwenye duka fulani, au ni ile kampuni kubwa iliyokuwa inamalizia kuezeka, haikujulikana kamwe. Asubuhi moja watu wa tume ya ushindani wa biashara waliingia viwanda vyote viwili kwa wakati mmoja, wamevaa vitambulisho shingoni, wana adabu nyingi. Walichukua kompyuta na simu za ofisi, wakaomba vifungwe vyumba wanavyotaka kuvikagua. Kosa lilikuwa na jina: kupanga bei na kugawana soko.

Wakili wa Sindano alikuwa mwanamume mwenye sauti ya upole na ofisi yenye baridi ya mashine. Jambo la kwanza alilomwambia ni asizungumze na kaka yake.

"Kuhusu kazi?"

"Kuhusu lolote, mama. Salamu yenu itahesabiwa kikao."

"Ni kaka yangu."

"Kwenye faili ni kampuni," wakili alisema. Kisha akamweleza faini: sehemu ya mauzo ya mwaka mzima, si ya faida. Sindano akapiga hesabu kichwani. Kampuni isiyo na faida inawezaje kutoa sehemu ya mauzo?

"Ipo njia moja," wakili akaendelea. "Sheria inamsamehe faini anayetangulia kukiri. Anaeleza yote, anashirikiana na tume, anatoka. Wa pili hapati msamaha huo. Ni wa kwanza tu."

"Na yule mwingine?"

"Anabeba."

Sindano alisimama. Alimwambia wakili kwamba kama wote wawili watanyamaza, tume haina kitu, maana jikoni kwa mama hakukuwa na mtu wa kuandika.

"Ni kweli," wakili alisema. "Mkinyamaza wote. Ila usisahau, mama: haya ninayokuambia wewe, kuna wakili mwingine anamwambia yeye muda huuhuu. Na yeye ana deni la benki."

Alirudi nyumbani na maneno hayo yamemkaa kichwani kama mgeni asiyeaga. Futi hawezi, alijiambia. Futi aliyembeba mgongoni siku alipokanyaga msumari, akapita naye mji mzima mpaka zahanati huku akimtania asilie? Hawezi. Lakini Futi ana rehani. Futi ana watoto watatu bado shuleni. Mtu akifikwa na maji shingoni si yule uliyecheza naye.

Jumapili hiyo hakwenda kwa mama, wala Futi hakwenda. Mama alimpigia simu kila mmoja, akaambiwa na kila mmoja kwamba amekatazwa. "Nani mwenye kukataza watu kula?" mama aliuliza.

Usiku wa Jumatano simu ya Sindano iliita. Jina la Futi likawaka kwenye kioo. Akaishika mkononi ikiita, inatetemeka kama kifaranga, na akaiacha inyamaze. Aliogopa sheria, lakini aliogopa zaidi kusikia sauti yake, asije akatambua kwamba inaficha kitu. Haikuita tena.

Siku iliyofuata alikuwa na shughuli benki, katikati ya mji. Alipopita mbele ya jengo la tume aliliona gari la Futi limeegeshwa kando ya ngazi, lile lenye picha ya mtoto anayelala iliyochorwa ubavuni. Hapakuwa na mtu ndani. Sindano alisimama kivulini mwa nguzo upande wa pili wa barabara, na kwa dakika nyingi hakuona watu wala magari. Aliona vitu viwili tu: mlango wa kioo wa lile jengo, na mashine za kushonea za kiwandani kwake zikifunikwa turubai, wale akina mama wakikusanya mikasi yao kwenye mikoba.

Futi akatoka. Alishuka ngazi polepole, amekunja koti mkononi, akaingia garini akakaa bila kuwasha moto. Mtu aliyetua mzigo hukaa hivyo, Sindano aliwaza. Au mtu aliyeuza nafsi yake. Gari likaondoka.

Hakumpigia wakili kabla. Alivuka barabara, akapanda ngazi, akamwambia kijana wa mapokezi kwamba anataka kusema habari za magodoro.

Walimpeleka chumba kidogo chenye meza, viti vitatu na chupa ya maji. Mpelelezi alikuwa mwanamke mdogo kwa umri, pengine wa rika la binti yake, mwenye nywele zilizobanwa nyuma na kalamu asiyoichezea. Alimkaribisha maji, akampigia simu wakili wa Sindano aje, akasubiri. Wakili alipofika, akihema, mpelelezi akawasha kinasa sauti.

"Mtu mwingine ameshakiri?" Sindano aliuliza.

"Kwenye suala hili, mama, wewe ndiye wa kwanza."

Sindano alilisikia neno hilo, na akalielewa vile alivyotaka kulielewa: kwamba labda Futi alikuwa amefika lakini hajamaliza, amekwenda kuchukua kitu arudi, na yeye amemwahi kwa pumzi moja. Akafungua mdomo. Alisema Jumapili ile, alisema jikoni, alisema nani aliyetaja kwanza na nani aliyeshusha, shule kwa huyu na hospitali kwa yule. Alisema mpaka mahali mama alipoepua sufuria. Mpelelezi hakuuliza sana. Alikuwa na ustadi wa kunyamaza. Mwishoni Sindano akanywa maji yote kwenye glasi, na alipoinua uso alikuta wakili anatazama sakafu, ingawa alikuwa amepata alichokitaka.

Siku ya kusikilizwa shauri walikaa meza mbili tofauti, wifi amekaa nyuma ya mumewe. Futi alimwinamia dada yake kichwa kidogo, kama unavyomwinamia mtu uliyepishana naye kanisani au msikitini. Watu wa tume wakaanza kusoma maelezo.

Kumbe siku ile Futi alikuwa amekwenda kujibu wito. Alikuwa ameulizwa kuhusu bei, akasema bei anaipanga mwenyewe. Alipoulizwa kwa nini dada yake ana bei ileile, maelezo yake yalisomwa kwa sauti, neno kwa neno: "Huyo ni mdogo wangu. Ananiiga tangu utotoni. Kama kuna kosa la kuigwa, niandikieni mimi."

Mwenyekiti wa tume, mzee mwenye miwani, alimuuliza kama alielezwa kuhusu msamaha.

"Nilielezwa."

"Hukuutumia. Kwa nini?"

Futi alifikiri, kama vile swali lina hesabu ndani yake. "Ulikuwa wa mtu mmoja tu, mzee," alisema.

Sindano hakukumbuka baadaye walitokaje mle ndani. Alikumbuka kwamba kwenye korido wifi yake alimfuata, na alijiandaa kutukanwa, angependa kutukanwa. Wifi alisimama mbele yake akamrekebishia ncha ya kilemba iliyokuwa imefunguka, kama alivyokuwa akimfanyia miaka yote, kisha mikono ikamshuka.

"Alikupigia Jumatano," wifi alisema. "Alitaka kukuambia usiogope."

Hukumu ikatoka. Sindano akasamehewa, Futi akatozwa faini. Magazeti yaliandika kwamba wananchi wamepata haki, na Sindano alipoisoma habari ile hakuona uongo ndani yake. Yule mwanamke wa sponji ya kwapani alistahili haki. Walikuwa wamekula njama kweli, yeye na kaka yake, na watoto wa watu walilala juu ya hiyo njama. Lakini ukweli huo haukumpunguzia kitu. Aliugeuza huku na huku kama godoro bovu, na kila upande ulikuwa na shimo.

Faini na riba vilimaliza kiwanda cha stesheni kabla mvua za mwaka ule hazijaisha. Benki ilichukua ile mashine mpya ambayo haijamwaga hata sponji ya kujaza chumba, ikachukua na jengo. Kampuni kubwa ikavinunua vyote kwa bei ya kutupa. Mashine wakaisafirisha, jengo wakaligeuza ghala. Mafundi wa Futi walimfuata Sindano mmoja mmoja, wengine aliowajua tangu akiwa na soksi za shule. Akawachukua aliowamudu. Mkata sponji mzee, aliyefundishwa na baba yao, naye alikuja, akasimama getini, akachungulia kwenye ua, akasema amepita kusalimia tu.

Mama hakusema neno la lawama. Alipojulishwa yote aliuliza nani sasa anamlipia Futi karo za watoto. Sindano akasema yeye yuko tayari. Futi akatuma salamu kupitia kwa mama kwamba anashukuru, hahitaji. Basi mama akagawa Jumapili zake: moja ya huyu, moja ya yule. Alipika vilevile, sufuria ileile kubwa, na Sindano alipokuwa anakula peke yake na mama aliona chakula kinabaki karibu chote, na mama anakifunika bila kulitaja.

Kampuni kubwa ilianza kuuza. Magodoro yao yalikuwa mazuri, hilo lazima lisemwe, yamenyooka, yamefungwa plastiki inayong'aa. Na bei yao ilikuwa chini kuliko ya Sindano, kisha ikashuka tena, mpaka ikawa chini ya gharama ya kemikali zenyewe. Sindano alirudi kwa yule mpelelezi, safari hii kama mlalamikaji. Alipokewa kwa heshima, akapewa maji.

"Wanauza kwa hasara," alisema. "Wananisubiri nife wapandishe."

"Huenda ni hivyo, mama," mpelelezi alisema. "Tutachunguza. Ila bei ya chini peke yake si kosa. Inabidi tuthibitishe nia, na wao wana mahesabu ya nchi nyingi." Akasita, na kwa mara ya kwanza umri wake ukaonekana. "Itachukua muda."

"Muda ndio sina."

"Najua," mpelelezi alisema, na ilionekana anajua kweli.

Kulikuwa na mwenye duka mmoja karibu na soko aliyekuwa bado ananunua kwa Sindano, kwa mazoea na kwa sababu mkewe alipenda kitambaa chake. Siku moja Sindano alikwenda kwake na sampuli ya godoro jipya, jembamba lakini gumu, alilolibuni kwa kuchanganya chakavu za sponji zilizosagwa ili lipungue gharama. Alilifungua juu ya meza ya duka, mwenye duka akalibonyeza kwa ngumi, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Hapo akaingia mtu kutoka nyuma, amevaa shati la kola lenye nembo ya kampuni kubwa, mkoba begani.

Alikuwa Futi. Alikuwa amekonda, na shati lile lilimpwaya mabegani.

Mwenye duka, aliyewajua wote wawili toka enzi za baba yao, akapata kikohozi ghafla. "Kaeni," alisema. "Kaeni, niagize chai."

"Nitapita baadaye," Futi alisema.

"Hapana," Sindano alisema. "Umekuja kazini. Fanya kazi."

Futi akaweka mkoba chini. Alilitazama lile godoro mezani, akashindwa kujizuia, akalipima kwa kiganja, unene na upana, akanusa. "Umesaga chakavu," alisema. "Umetumia gundi gani?" Kisha akakumbuka alivyovaa, akaondoa mkono. Akamgeukia mwenye duka akataja bei ya kampuni kwa godoro la kipimo kile. Aliitaja akitazama ukuta.

Bei ile isingenunua hata kitambaa cha Sindano. Mwenye duka alimwangalia Sindano, macho yanamwomba radhi, kisha akasema atachukua ya kampuni, maana wateja wake nao wana hali ngumu. Sindano akasema anaelewa. Na alielewa.

Walimsaidia kulikunja godoro, Futi akalibeba hadi kwenye gari la Sindano. Walisimama kando ya mlango wa nyuma wa gari, watu wakipita na mizigo yao, jua kali. Ilikuwa mara ya kwanza kusimama karibu hivi tangu Jumapili za jikoni kwa mama.

"Niliona gari lako pale kwenye ngazi," Sindano alisema. "Nikadhani..."

"Najua ulichodhani."

"Ungenifikiriaje wewe, ungeona langu?"

Futi alifikiri kwa uaminifu, kama alivyokuwa akifikiria kila swali. "Sijui," alisema. "Ndiyo maana sikuchukii, Sindano. Nimejaribu kukuchukia, nimeshindwa. Lakini kukaa na wewe meza moja bado siwezi. Nikikuona nasikia wanavyosoma mle ndani. Mpaka sufuria ya mama uliwapa."

Machozi yalimtoka Sindano, akayaacha yashuke bila kuyafuta.

Futi akatazama nyuma dukani, akatazama mtaa, akasogea karibu na kushusha sauti. "Sikiliza. Sipaswi kusema hili. Mwezi ujao kampuni inapanga ku—"

"Usiniambie," Sindano alisema.

"Litakusaidia ujue cha kufanya."

"Usiniambie, kaka. Una kazi na watoto. Na mimi nikiulizwa nitasema. Sasa tunajua wote kwamba nitasema."

Futi akainama akausukuma mlango wa gari mpaka ukaitika, akaujaribu kwa mkono kama umefungwa sawasawa, akarudi dukani kumalizia kuandikiana mzigo.

Kiwanda cha hospitali kilikwenda miezi michache tena. Sindano alilipa mishahara ya mwisho kwa kuuza mashine za kushonea kwa washonaji wenyewe, kila mmoja yake, kwa bei aliyoipanga peke yake, bila kujua kama ilikuwa kubwa au ndogo. Mwaka uliofuata kampuni kubwa ilipandisha bei.